Mama Mkwe wa Jukwaani

Asubuhi mume wake alipomwamkia kwa mara ya kwanza "Shikamoo, mama," mke alicheka mpaka chai ikampandia puani.

Alikuwa na haki ya kucheka. Mume mwenyewe ni Machachari, mtu ambaye siku ya harusi yake, alipoulizwa kama anamkubali huyu kuwa mkewe, aliomba kwanza asogezewe taa amwone vizuri. Mtu wa namna hiyo akikuamkia mezani humkimbizi hospitali. Unamjibu. Naye akamjibu kwa ile sauti yake ya kutikisa sufuria:

"Marahaba, mkwe. Umeamka mwenyewe au umeletwa?"

Machachari hakucheka. Aliinamisha kichwa, akasogeza kiti kando, akainywa chai yake huku ametazama ukutani, kimya, kama mkwe aliyelelewa vizuri na wazazi wake. Mkewe akampigia makofi. Alidhani anaongeza kitu kipya kwenye mchezo.

Maana mchezo ulikuwepo, na mtaa mzima ulikuwa unaujua. Uliitwa *Mkwe Mlangoni*. Kijana anaoa, anasafiri kutafuta riziki, anarudi na kumkuta mama mkwe amehamia kwake na virago vyake vyote, na dalili ya kuondoka haipo. Basi, hicho ndicho kisa chote. Lakini watu walikuwa wameucheka kila Jumamosi tangu enzi wanaume wanavaa suruali zinazofagia njia, na walikuwa hawajashiba. Machachari ndiye mkwe. Mke wa mkwe ni Kidosho, aliyepewa jina hilo kwa uzuri akiwa msichana, akang'ang'ania kulilinda mpaka akapata wajukuu. Na mama mkwe, yule mama mwenye sauti ya radi na kigoda asichokubali kikaliwe na mtu mwingine, alikuwa mke halisi wa Machachari.

Usiulize kwa nini mke halisi asicheze mke. Hiyo ilikuwa kanuni ya Chama.

Chama cha Waigizaji kilikuwa na kanuni chache, na kila moja ilikuwa na kovu lake. Hii ilizaliwa zamani, walipokuwepo mtu na mkewe waliocheza mtu na mkewe. Siku moja wakagombana nyumbani, wakapanda jukwaani hawajapatana. Mchezo ulimtaka mke amshike mume shavu kwa mahaba. Akalishika, ila kwa kasi. Watu wakashangilia, wakaomba arudie, naye hakuwa mchoyo, akarudia. Mwenyekiti wa wakati huo, akiwa na jino la mwanachama wake kiganjani, akatangaza palepale kwamba kuanzia leo mtu na mkewe wasiwe mtu na mkewe jukwaani. Kwa hiyo binti mbichi aliyeolewa juzi akapakwa majivu kichwani, akafungwa mto tumboni, akawa mama mkwe wa mume wake. Majivu yaliendelea kupakwa miaka na miaka, hadi siku moja mpambaji akamwangalia kichwa, akarudisha kopo kabatini. Nywele zilikuwa zimejihudumia zenyewe.

Jina nalo likamganda. Muuza nyanya alimwita Mama Mkwe. Vijana wa kona walificha sigara akipita. Mtu mmoja tu duniani hakumwita hivyo. Machachari, wakishashuka jukwaani, wakishafunga mlango wao, alimwita "mchumba." Watoto wamezaliwa, wamekua, wameoa na kuolewa mbali, yeye bado, "Mchumba, chumvi iko wapi? Mchumba, umelalia miwani yangu." Aliwahi kumwambia kwamba posa haijajibiwa vizuri, anasubiri jibu la maandishi.

Ndiyo maana ile shikamoo, iliporudi kesho yake, na keshokutwa, haikumchekesha tena.

Lakini hakusema. Na hapa ndipo kosa lilipofanyika, kosa ambalo fundi bomba asingelifanya, wala mwalimu, wala mtu yeyote mwenye kazi ya kawaida. Kanuni kubwa kuliko zote za Chama ilikuwa hii: mwenzako akisahau, mbebe. Akipotewa na neno, mpe kwa ujanja. Akiingia kwa mlango usio wake, ufanye uwe wake. Watazamaji wasijue. Na mkishuka, msizungumze, maana aliyebebwa hatajwi. Mwanachama mpya alifundishwa hilo kabla hajafundishwa mahali pa kutundika shati.

Basi wakambeba. Mama Mkwe alimbeba nyumbani. Alipokuta funguo ndani ya kopo la sukari alizitoa akazipangusa. Alipomwona amevaa shati ndani nje alimwambia amependeza, akamvua kwa kumtania, akamvalisha upya. Kumbe jukwaani Kidosho naye alikuwa anambeba. Machachari akinyamaza, Kidosho anasema, "Najua unataka kuniambia umechoka na safari," naye anaitikia, "Hasa!" na watu wanavunjika mbavu. Mpiga ngoma, aliyecheza pia rafiki wa mkwe, akimwona anazubaa alipiga ngoma tatu nne kumwamsha. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha mzigo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyeshika. Wakambeba vizuri mno. Masika yakaja, yakaisha. Watu wakawa wanasema Machachari wa sasa anachekesha kuliko yule wa zamani.

Aliyewaumbua ni mlinzi wa geti. Huyo hakuwa mwanachama.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mchezo unaendelea. Machachari alitoka nyuma ya pazia kama ilivyopangwa, lakini badala ya kuzunguka arudi upande wa pili, akaendelea kwenda. Mlinzi akamwona amesimama getini na kofia yake ya mchezo.

"Kijana, samahani. Ukumbi wa Chama uko wapi?"

"Uko mfukoni mwangu, mzee," mlinzi akamjibu huku akicheka. "Ngoja nikutolee."

Machachari akausubiri. Alinyoosha mkono kabisa. Mlinzi alipoona ule mkono haushuki, na macho ya mzee yanajaa maji, kicheko kikamkatika. Akamshika bega, akamrudisha ndani, akamwambia Mwenyekiti mbele ya watu wote waliokuwa nyuma ya pazia, "Huyu mzee anaumwa. Nyinyi hamwoni?"

Hospitali walikwenda wengi kama wanapeleka bibi harusi. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alimuuliza Machachari maswali madogo, kisha akawageukia wao.

"Hali hii ilianza lini?"

Wakatazamana. "Mimi nilidhani ni kwangu tu," alisema mpiga ngoma. "Na mimi," alisema Kidosho. Mama Mkwe alikuwa anavuta uzi uliolegea kwenye mkoba wake.

"Kwa hiyo wote mlikuwa mnajua?"

"Tulikuwa tunambeba, daktari," alisema Mwenyekiti, mtu mnene aliyezoea kuongea na meya bila kutetemeka.

"Mlikuwa mnambeba kumpeleka wapi?"

Daktari akaeleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, dawa ya kuurudisha nyuma hakuna, iliyopo ni ya kuupunguza mwendo. Vitu vipya vinatangulia kwenda, alisema, na yale ambayo mtu ameyarudia maisha yake yote hubaki mpaka mwisho. Ndiyo sababu mchezo bado anao.

"Na ndoa je?" aliuliza Mama Mkwe. "Si na yenyewe tumeirudia kila siku, daktari? Jumapili mpaka Jumapili. Mchezo ulikuwa Jumamosi tu."

Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Baada ya hapo mambo yalishuka kama maji ya mteremko. Kichwani mwake Machachari aliwapoteza watoto, akaipoteza nyumba, akapoteza jina la mtaa. Kilichobaki kilikuwa *Mkwe Mlangoni*, hakikupungua hata kikohozi. Na ndani ya mchezo huo mwanamke mwenye nywele nyeupe anayezunguka jikoni ni mtu mmoja tu. Ni mama mkwe.

Kumbe kuwa mama mkwe wa mume wako ni adhabu isiyo na mfano. Alimheshimu! Katika ndoa yao yote hakuwahi kumheshimu kiasi hicho. Akiingia sebuleni, mzee anasimama. Akikaa kwenye kochi, yeye anahamia kiti cha mlangoni. Kula naye sahani moja akakataa, alipelekewa chakula chake pembeni. Chumbani ndiyo kabisa. Jioni ya kwanza aliposhikwa mkono kupelekwa kulala aligoma kizingitini, akashika fremu za mlango kwa mikono miwili.

"Mama, hapana. Chumba chako hiki. Watu watasemaje?"

Ikabidi godoro litandikwe sebuleni. Lakini lililomvunja Mama Mkwe ni bafu. Alipomfungua kifungo cha kwanza cha shati, mzee alijikunyata kwenye pembe, akajifunika taulo, akalia machozi ya aibu ya kweli.

"Mama, tafadhali. Nikitoka hapa nitakutazamaje usoni?"

Alimwacha na shati lake. Akaketi nje ya mlango wa bafu, juu ya ndoo iliyofudikizwa. Akiwa hapo ndipo alipoamua kwenda kwenye Chama.

Chama kilikutana ukumbini, kwenye viti vilevile vya watazamaji. Ukumbi wenyewe ungekuwa ghala la saruji siku nyingi, kama si Chama kuulalia mlangoni mpaka mwenye nyumba akachoka kuwaruka. Chama ndicho kilichofundisha vijana kila alasiri bila kuwauliza wazazi wao ni nani. Chama ndicho kilichoizuia redio kurusha michezo yao kama hewa isiyo na mwenyewe. Kikazika, kikauguza. Lakini ombi la kumwogesha mtu halikuwahi kufika.

"Wajumbe, tusichanganye mambo," alisema Katibu, mwanamke aliyenyooka kama rula. "Hiki ni chama cha sanaa. Hatuwezi kugeuka yaya."

"Na hiyo sanaa inafanywa na nani?" aliuliza Mwenyekiti. "Majini?"

"Nasema kikanuni."

"Kikanuni mwenzako akidondoka unafanyaje, Katibu?"

Katibu alikaa chini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye anaweza kufua mashuka.

Wakagawana. Asubuhi mpiga ngoma alikuja, akamwambia, "Rafiki yangu, twende mtoni tukaoge," kama wanavyosema kwenye mchezo, na Machachari akavua shati mwenyewe akiimba. Mchana alikuja Kidosho kumlisha, kwa kuwa kwa mkono wa mke wake wa mchezo alikula mpaka sahani ikang'aa. Mama Mkwe alibaki jikoni. Alipika yeye, kikaliwa kwa mkono wa mwingine. Na aliwasikia. Mnong'ono wa mwigizaji umefundishwa kufika kiti cha mwisho, na jikoni palikuwa karibu zaidi ya hapo.

"Mke wangu," mzee alinong'ona siku moja, "hivi mama yako ataondoka lini?"

Hilo lilikuwa neno la mchezo, lililochekesha vizazi viwili. Mama Mkwe aliendelea kukatakata kitunguu. Kitunguu kina faida zake.

Kidosho akaingia jikoni na sahani tupu, akasimama.

"Dada, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Umeiba?"

"Najiona kama nimeiba."

"Ungeiba enzi zile akiwa na meno yote. Sasa hivi umeokota."

Wakacheka wote wawili, wakashikana mabega kwa kicheko, kisha kicheko kikageuka kikawa kile kingine, wakaendelea kushikana hivyohivyo.

Ilipofika wakati ambao hata mchezo ulianza kumponyoka pembeni pembeni, Chama kikapanga kumuaga Machachari jukwaani angali anajua jukwaa ni nini. Mchezo mmoja wa mwisho, kisha pazia. Mwenyekiti alikuja nyumbani kumwambia Mama Mkwe, akamkuta amejiandaa. Alikuwa na ombi.

"Nataka nicheze mke."

"Mama Mkwe..."

"Siku moja tu. Ananijua kwa mchezo, si ndiyo? Basi niingizeni upande ule mwingine wa mchezo. Akibisha hodi nifungue mimi. Aniambie mke wangu, nimerudi. Labda hapo patafunguka. Labda ataniita..." Hakumalizia. Lile neno hakuwahi kumwambia mtu.

Ombi likapelekwa kwenye Chama. Katibu, huyuhuyu anayefua mashuka, akakumbusha kanuni, na jino likatajwa. Wengine wakasema mzee atachanganyikiwa, tumwache aondoke na heshima yake. Kidosho ndiye aliyesimama.

"Mpeni," alisema. "Mimi nimekuwa mke wa mume wake kila Jumamosi ujana wangu wote, hajawahi kuninunia. Mpeni siku moja. Kilemba cha mama mkwe nitavaa mimi."

"Kidosho kuzeeka mbele ya watu?" mpiga ngoma akadakia. "Kweli leo kuna msiba."

Kanuni ikawekwa pembeni kwa siku moja.

Mama Mkwe alifanya mazoezi kama binti anayeingia Chama leo. Sauti ile ya radi aliikunja, akatafuta nyembamba iliyolala chini yake. Alijifunza kutembea bila mto tumboni. Mpambaji alimfunga kitambaa cha kijani kuficha nywele, akampaka wanja, akarudi nyuma akamtazama. "Mbona ulikuwa umetuficha?" akasema. Gauni la njano la mke lilifunguliwa mishono kila upande, likamkubali kwa shingo upande.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye madirisha. Walijua wanamuaga Machachari, lakini anavyoumwa hawakujua, Chama kilikuwa kimembeba mpaka hapo. Pazia likafunguka. Mama Mkwe alisimama ndani ya nyumba ya mbao na rangi aliyoizoea, ila upande asiouzoea, mkono kwenye komeo. Moyo ulimwenda kama anayesubiri posa.

"Hodi!" ikaja sauti ya Machachari kutoka nje. Haikuwa imezeeka hata kidogo. "Hodi wenye nyumba!"

Akafungua.

Machachari alisimama na sanduku lake la safari, ametabasamu tayari, mikono imeanza kufunguka. Akamtazama. Mikono ikashuka. Akaliweka sanduku chini taratibu, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, mama."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga viti. Hiyo ilikuwa mpya, hawajawahi kuiona!

Mama Mkwe akatumia sauti ile nyembamba. "Mume wangu, mbona hivyo? Ni mimi."

Machachari alirudi hatua nyuma. Akamtazama gauni, kitambaa, wanja. "Mama," alisema, na sasa sauti ilikuwa inatetemeka, "kwa nini umevaa nguo za mwanao?"

Watu wakalia kwa kicheko. Lakini yeye aliyaona macho, na alikuwa ameshayaona macho yale, kwenye pembe ya bafu, juu ya taulo. Machachari alikuwa anatafuta mlango. Anapotea mbele ya watu wote hawa, na anajua kwamba anapotea.

Neno lilikuwa mdomoni mwake. Mchumba. Angeweza kulisema yeye, amtupie kama kamba, aone kama atalishika. Na asipolishika? Atakuwa amelitumia, na mzee atakuwa amedondoka, na ukumbi mzima utakuwa umeona.

Akaushika upindo wa kitambaa, akakivuta mpaka nywele zake nyeupe zikatoka nje zote. Akaweka mkono kiunoni. Ile radi ikarudi.

"Marahaba! Kwani nikivaa njano jua litagoma? Ingia ndani, mkwe, usinijazie nzi. Mwanangu anakuja!"

Uso wa Machachari ukatulia, kama mtoto aliyemwona mama yake sokoni. Na kabla watu hawajamaliza kucheka, Kidosho akatokea nyuma, amekivua kilemba, amelivua joho la mama mkwe. Ndani yake alikuwa amevaa gauni la njano. Jingine, jipya, lililoshonwa kwa kipimo chake.

Mama Mkwe alilitazama gauni hilo. Kumbe Kidosho alijua. Alimwachia nafasi, na alijua, akaja amevaa tayari. Macho yao yakakutana. Kidosho ndiye aliyeshusha ya kwake.

"Mke wangu!" Machachari alipaza sauti. "Nimerudi!"

Mama Mkwe akaenda kukaa kwenye kigoda chake.

Mchezo ukaenda vizuri kuliko wakati wowote. Machachari hakukosa neno. Alikimbia, alijificha nyuma ya mlango, alinong'ona mpaka dirishani wakasikia. Ikafika mwisho, pale mkwe anaposafiri tena, na kabla ya kuondoka anapiga goti mbele ya mama mkwe kumuaga, na yule mama mkali, kwa mara ya kwanza, anamwekea mkono kichwani. Maneno ya hapo ni machache: "Mama, nakuaga." "Nenda salama, mwanangu." Pazia.

Machachari akapiga goti. Kisha akafanya jambo ambalo mwigizaji hafanyi. Aliwageuzia watu mgongo. Akasogea karibu, na akanong'ona mnong'ono wa kweli, ule wa watu wa kawaida, unaoishia sikioni.

"Mama, nina neno. Huyu mke wangu asisikie."

"Sema, mwanangu."

"Nina mtu mwingine. Yuko nyumbani." Alitazama pembeni kwa wasiwasi. "Si mambo mabaya, mama, usinifikirie vibaya. Namwita mchumba. Ananisubiri nimalize kazi. Mimi nimechelewa, kila nikitoka hapa siioni njia."

Mama Mkwe alikuwa na mkono juu ya kichwa chake. Hakuuondoa.

"Wewe ni mtu mzima, unawajua watu," mzee akaendelea. "Ukimwona nifikishie. Mwambie sijamwacha. Mwambie nakuja."

"Sauti!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Hatusikii!"

"Sauti, Mama Mkwe! Sema kwa nguvu!"

Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kudaiwa sauti. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine kusikika. Aliwaacha wapige kelele. Akainama mpaka wanja wake ukagusa paji la uso la mume wake.

"Nitamwambia," alisema.

Mwenyekiti, aliyeshika kamba, alisubiri neno la mwisho la mchezo. Alipoona halitakuja akashusha pazia.

Nyuma ya pazia Chama chote kilikuwa kimesimama. Hakuna aliyeuliza ni nini kilisemwa. Mpiga ngoma akalichukua sanduku, Kidosho akamshika mzee mkono, wakamrudisha nyumbani jua halijazama.

Mama Mkwe alifika nyuma yao. Alipoingia sebuleni wenzake walikuwa wameshaondoka, na Machachari ameketi kwenye godoro lake, miguu ameifunika kwa adabu. Akataka kusimama.

"Kaa, mwanangu, kaa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akapita kwenda chumbani akiwa bado na gauni la njano lililoachia mishono. Alikuwa ameshafika mlangoni alipoitwa tena.

"Mama. Ulimwona?"

Alisimama amempa mgongo. "Nilimwona."

"Ukamfikishia?"

"Nikamfikishia."

"Kasemaje?"

Alikuwa amebeba watu jukwaani maisha yake yote, hajawahi kukosa cha kujibu.

"Kasema jibu la posa ni ndiyo," alisema. "Na kama unataka maandishi, atakuandikia."

Machachari akacheka. Ni kicheko chake chenyewe, kile cha nyumbani, ambacho hakuna aliyewahi kukinunulia tiketi. Akajilaza, akageukia ukuta.

"Mama," alisema, usingizi ukiwa umeanza kumchukua, "mlango usiufunge kabisa. Anaweza akaja."

Mama Mkwe aliuegesha tu.